Safari Ifuate Maji

Mhadhara uliotolewa Unguja mbele ya manahodha, watembeza wageni, wakulima wa mwani na wanafunzi



Mada niliyopewa ni matembezi ya baharini yasiyoidhuru bahari. Mada ya namna hii kwa kawaida huwa na mhadhara wake tayari: msemaji husimama, huhesabu makosa ya mabaharia, huomba elimu itolewe, watu hupiga makofi, chai huletwa. Mimi sitaomba elimu itolewe. Nadai kwamba nahodha wetu wa boti za matembezi, kwa sehemu kubwa, anaijua bahari kuliko anayekuja kumfundisha. Chombo chake kinaharibu kwa sababu kinaendeshwa kwa saa ya hoteli. Aliyepanga safari hayajui maji, aliyelipa anataka arudi kabla ya chakula cha mchana, na nahodha yuko katikati yao, mashine inawaka. Nanga juu ya matumbawe, rafadha ndani ya majani ya bahari, pomboo kukimbizwa: mengi ya hayo yameshaamuliwa kwenye ratiba kabla kamba haijafunguliwa.

Tuyatazame maji yenyewe. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kutoka mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kutoka hapa Unguja hufikia karibu mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Haya mnayajua. Sasa wekeni na saa. Siku za bamvua maji yetu hujaa alfajiri na alasiri, kwenye saa kumi au kupita kidogo, na hutoka kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, saa nne asubuhi maji yamepanda. Kwa hiyo ile safari inayotangazwa ukutani kuwa huondoka saa tatu kila siku, wiki hii inampeleka mgeni juu ya mwamba uliofunikwa vizuri, na wiki ijayo inampeleka juu ya mwamba uleule akiwa na maji ya magotini. Boti haikubadilika, nahodha hakubadilika. Tangazo nalo halikubadilika, na kosa liko hapo.

Maji yakiwa ya magotini, kila kitu kinakuwa kosa hata kwa mtu mwema. Mgeni asiyejua kuogelea vizuri anachoka, anatafuta pa kusimama, anasimama juu ya tumbawe. Mapezi yake yanapiga matawi. Kiti cha pwezi, yule nyota wa bahari, anatolewa majini apigwe picha, na anapita mikononi mwa watu kumi kabla hajarudishwa. Boti inainua mashine nusu, rafadha inakata majani na kutifua mchanga, maji yanakuwa kama ya mto wakati wa masika. Na siku hizo hizo, saa hizo hizo, kina mama wako kwenye mashamba ya mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huku pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na tangu mwanzo kazi yake hufanywa bamvua maji yakiwa yametoka, maana ndipo vigingi na kamba hufikika. Kwa hiyo boti ya matembezi na mkulima wa mwani wanakutana katika saa ambayo bahari ina nafasi ndogo kuliko zote. Kamba ya mwani iliyokatwa na rafadha haimdhuru mgeni wala mwenye boti. Inamdhuru mtu mmoja tu, na mara nyingi hajui hata ni boti ya nani.

Niseme kidogo juu ya majani, kwa sababu matumbawe yana watetezi wengi na majani hayana. Majani ya bahari ni mimea kamili, yana mizizi na yanatoa maua. Ndiyo malisho ya kasa na ya tasi, na zamani nguva walipokuwa wengi yalikuwa malisho yao pia. Mizizi yake ndiyo inayoushika mchanga usihame. Rafadha ikikata jani, jani litaota. Rafadha ikikata mizizi inayotambaa chini ya mchanga, inaacha mfereji. Mkondo unaingia humo, unauchimba, unaupanua, na kidonda hicho kinakaa miaka. Wenzetu wa visiwa vya Balearic, Hispania, walichelewa kulijua hili mpaka majahazi ya anasa yalipokwisha kukwangua sehemu kubwa za majani yao ya posidonia, ambayo hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka. Mwaka 2018 serikali ya visiwa hivyo ilipitisha amri ya kuyalinda, na sasa kutia nanga juu yake ni kosa la kulipiwa faini. Hapa kwetu nahodha huyaona majani kwa macho, ni doa jeusi juu ya mchanga mweupe. Hahitaji chombo cha kupimia. Anahitaji nusu saa zaidi ya kuzunguka.

Nanga nayo. Naomba radhi kwa makapteni, maana hapa nitaingia kazini kwenu.

Boti nyingi ndogo za matembezi hapa zinatumia nanga ya nondo: vyuma vinne vilivyopindwa makucha, vikachomelewa kwenye shina moja, kamba ikafungwa juu. Ni rahisi, fundi yeyote wa kuchomelea anaitengeneza. Lakini nanga hiyo haishiki mchanga; ukiitupa mchangani inaburura. Inataka kitu cha kukwama. Nahodha akiitupa juu ya mwamba, basi, hafanyi uzembe, anafanya kile nanga yake inachokidai. Itazameni inavyofanya kazi. Inashuka, inavunja matawi mawili matatu, inalala. Boti inarudi nyuma kwa upepo, kamba inakaza, ukucha mmoja unaingia chini ya kichwa cha tumbawe. Maji yakigeuka boti nayo inageuka, na kamba iliyolala chini inafagia nusu duara nzima, kila kilichosimama humo kinalala. Saa ya kuondoka nanga haitoki. Kijana anavuta, haitoki. Nahodha anatia gia, boti inaivuta kwa nguvu ya mashine, kinasikika kishindo kidogo chini, na nanga inakuja juu na kipande cheupe ndani ya makucha. Matumbawe ya donge, yale makubwa ya mviringo, hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Kipande cha ukubwa wa kichwa cha mtoto ni kazi ya miaka mingi.

Dawa ya hili ni chuma na hesabu. Chuma: nanga ya bapa inayozama mchangani, na kipande cha mnyororo kati yake na kamba ili ilale chini ivute kwa ulalo. Hesabu: kamba iwe kama mara tano ya kina, na kina kihesabiwe maji yakiwa yamejaa. Ukitia nanga penye mita 3 maji yametoka, na bamvua ikaongeza mita 4, una mita 7, kwa hiyo unataka kamba ya mita 35. Boti ngapi hapa bandarini zina kamba ya mita 35? Wenye kamba fupi wanalazimika kusogea karibu na mwamba, mahali pa kina kidogo, na tumerudi kule kule.

Dawa bora zaidi ni kutotia nanga kabisa. Mwaka 1981, huko Key Largo katika jimbo la Florida, Marekani, mwanabiolojia aitwaye John Halas alichoka kutazama nanga zikiyaponda matumbawe ya hifadhi aliyokuwa akifanyia kazi. Akatoboa mwamba mfu kwa keekee ya chini ya maji, akatia kijiti cha chuma kisichoshika kutu, akakijengea kwa saruji, akafunga kamba na boya juu. Boti ikija inashika kamba ya boya, inafunga, basi. Njia hiyo imeenea duniani, na sababu ya kuenea kwake ni kwamba haimtaki nahodha awe malaika. Inamrahisishia kazi. Hata mvivu atapenda kufunga kwenye boya kuliko kushusha na kupandisha nanga.

Tuna mfano wetu hapa hapa, mwendo mfupi kutoka Mjini. Mwamba wa upande wa magharibi wa kisiwa cha Chumbe ulitangazwa na Serikali ya Zanzibar kuwa hifadhi mwaka 1994. Waliowekwa kuulinda walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, watu waliojua nani huja usiku na kwa njia ipi. Wageni wanaoruhusiwa ni wachache, huogelea kwa miwani tu, bila mitungi ya hewa, na mambo ya siku hupangwa kwa kufuata maji: yakijaa watu wanakwenda mwambani, yakitoka wanatembea pwani au msituni. Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya wenye fedha, na kweli bei yake si ya kila mtu. Lakini kufuata maji hakuna bei. Karatasi ya maji kujaa na kutoka inauzwa kwa fedha kidogo, na wazee wengi humu ukumbini hawaihitaji hata hiyo, wanatazama mwezi.

Nije kwenye ubavu wa chombo, jambo ambalo halionekani na pengine ndilo lenye kisa kikubwa kuliko yote.

Majahazi yetu yalipakwa deheni, shahamu iliyochemshwa na kuchanganywa na chokaa. Chombo kilipwelezwa bamvua, kikakwanguliwa, kikapakwa chini, juu kikapakwa mafuta ya sifa, na maji yalipojaa kikaelea tena. Kazi ilirudiwa mara kwa mara, maana deheni haidumu. Dunia ilipopata rangi inayodumu iliishangilia. Miongoni mwa rangi hizo, kuanzia miaka ya 1960, zilikuwemo zenye dawa ya bati iitwayo tributilitini. Chaza na magugu hayakuweza kushika chombo kilichopakwa rangi hiyo, na mwenye boti alikaa miaka bila kukwangua. Katika ghuba ya Arcachon, magharibi mwa Ufaransa, boti za matembezi zililala kwa maelfu jirani na mashamba ya chaza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wafugaji wa chaza wakaona makombe yananenepa na kupinda, nyama ndani imebaki kidogo, na watoto wa chaza hawaonekani. Watu walitafuta ugonjwa. Haukuwa ugonjwa, ilikuwa rangi. Ufaransa ikaipiga marufuku kwa vyombo vya chini ya mita 25 mwaka 1982. Kwenye fukwe za Uingereza konokono wa kike wa baharini walikutwa wameota viungo vya kiume, hawawezi kutaga. Mkataba wa kimataifa wa kuziondoa rangi hizo ulipitishwa mwaka 2001 na ukaanza kufanya kazi mwaka 2008.

Kisa hiki kina jambo moja linalopaswa kutukera sisi watu wa matembezi. Walioua chaza wa Arcachon hawakuwa wenye meli za mafuta wala viwanda. Walikuwa watu wa mapumziko ya Jumamosi, wapenda bahari, ambao boti zao kwa siku nyingi za mwaka zilikuwa zimefungwa tu. Chombo kilichosimama kilitosha kuleta msiba.

Rangi za siku hizi nyingi zina shaba. Ni nafuu kuliko bati, lakini nayo ni sumu, ndiyo kazi yake. Anayekwangua boti ya faiba ufukweni, akaacha vumbi la rangi ya zamani lichukuliwe na maji ya bamvua, analisha pwani yake shaba. Tandika turubai, kwangua, kusanya, peleka jalalani. Na boti ndogo inayoweza kuvutwa nchi kavu kila baada ya siku chache, kwa nini ipakwe sumu? Isuguliwe kwa brashi. Sisemi turudi kwenye deheni. Wazee wetu hawakuwa watakatifu, na sifa ile ilitoka kwenye maini ya papa. Nasema walikubali kwamba chombo kinataka kazi ya mara kwa mara. Sisi tunanunua makopo ili tusifanye kazi hiyo.

Mashine. Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa mafundi wapo na watanisahihisha. Mashine nyingi za kuning'iniza nyuma ya boti zetu ni zile za kuchanganya petroli na oili. Zina sifa zake: nyepesi, rahisi kutengenezwa, vipuri vyake viko hata dukani kijijini. Lakini katika kila mzunguko wake mlango wa kuingiza mafuta mapya na mlango wa kutoa moshi huwa wazi pamoja kwa kitambo, na sehemu ya petroli hupita moja kwa moja bila kuungua. Kwa mashine za kabureta, sehemu hiyo hukadiriwa kuwa robo ya mafuta, wakati mwingine zaidi. Bomba lake la moshi liko chini ya maji. Kwa hiyo katika dumu la lita 20 lita kama 5 umeinunulia bahari. Katika Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada, mashine za kabureta za aina hiyo zilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 1999. Siwaambii mkazitupe kesho. Najua bei ya mashine ya kisasa, na najua nani hatawakopesha. Ila wenye hoteli wanaokodi boti kumi kwa mwaka mzima wanaweza kuweka sharti la mashine na wakalilipia. Wanaweka sharti la rangi ya viti, seuze hili.

Wakati huo huo mjazo wa mafuta ufanyike kwa mrija, usifanyike kwa kopo la plastiki lililokatwa, boti ikiyumba. Ule upinde wa mvua unaoonekana kila asubuhi pembezoni mwa boti ufukweni hautoki kwenye mashine, unatoka kwenye kopo. Na maji ya ngama yakiwa na oili yasifuliwe baharini. Tia kitambaa au sifongo la kufyonza oili kwanza, kisha fua.

Nisingejisamehe kama nisingetaja matanga. Kusi na kaskazi vimetuendesha karne nyingi na bado vinavuma bure. Lakini jioni ukikaa Forodhani utaona majahazi ya kutazama machweo yamepandisha tanga, na ukisikiliza vizuri utasikia mashine inanguruma chini yake. Tanga lile ni la picha. Sababu ni ile ile: kwa tanga tupu huwezi kuahidi kwamba saa moja na dakika kumi mgeni atakuwa mezani kwake. Mimi nadhani wapo wageni wengi ambao wangelipa zaidi kwa safari ya tanga kweli, yenye kupiga bisha na kuchelewa, kuliko wanavyolipa kwa mngurumo. Hakuna aliyewauliza.

Sasa pomboo, na hapa ratiba inaonekana wazi kuliko popote.

Kijijini Kizimkazi hadi miaka ya 1990 pomboo walikuwa wakivuliwa, nyama yao ikawa chambo cha papa. Matembezi ya kuwatazama yalipoanza, mwanzoni mwa miaka hiyo, pomboo hai akawa na thamani kuliko chambo, na uwindaji ukafifia. Hilo ni jema kubwa, tusilidharau. Mwaka 1997 ghuba ya Menai, ambamo Kizimkazi imo, ikatangazwa eneo la hifadhi. Lakini magari ya wageni huondoka Mjini na hotelini karibu kwa pamoja, hufika Kizimkazi karibu kwa pamoja, na boti hutoka kwa pamoja. Kinachofuata mnakifahamu. Mtu anaona mapezi matatu, anapiga mluzi, boti zote zinageuka. Ya kwanza inawapita pomboo na kuwazuia mbele, nahodha anapunguza moto, anapiga kelele: "Rukeni! Rukeni sasa!" Wageni wanaanguka majini kama magunia. Pomboo wanazama, wanaibuka mbali, watu wanapandishwa tena kwa mikono, mashine zinawaka, na mchezo unaanza upya.

Watafiti waliowafuatilia pomboo wa Kizimkazi, na kuchapisha kazi yao mwaka 2010, waliona kwamba boti za watalii zinapokuwapo pomboo hao hupumzika kidogo sana kuliko boti zinapokosekana, na muda mwingi wanautumia kusafiri. Pomboo hawezi kwenda kitandani; kupumzika kwake ni kule kuogelea polepole pamoja, wakipanda kuvuta pumzi na kushuka. Jike anayenyonyesha akikatizwa hilo, anayelipa ni mtoto wake.

Kanuni zinajulikana. Mkaribie pomboo kwa ubavu, si kwa mbele wala kwa mgongo. Punguza mwendo mapema, ukaribiapo mita 50 simamisha au acha gia huru, na kwa nyangumi wa nundu, wanaopita pwani yetu kuanzia Julai hadi Oktoba, iwe mita 100. Usigawe kundi, usimtenge mama na mtoto. Boti zikiwa mbili, ya tatu isubiri mbali. Wao wakija kwako, bahati yako. Kanuni hizi zimebandikwa na kuchapishwa, na nahodha anaweza kuzisoma kwa moyo. Akiwa na wageni wanane walioahidiwa "kuogelea na pomboo", anazisoma kwa moyo huku akizivunja. Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni lile neno katika tangazo. Aliyeahidi kuogelea na mnyama wa porini ameahidi kitu ambacho si chake. Ahadi ikiwa "tutatoka baharini, huenda tukawaona", nahodha amewekwa huru. Na magari yakigawiwa saa, mengine yakaja saa mbili, mengine saa tano, mengine alasiri, idadi ya boti kwa kundi moja la pomboo inapungua bila mtu kunyimwa riziki.

Taka nitaipita haraka, maana imesemwa sana. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania Bara ikafuata kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na kuanzia tarehe 5 Juni 2020 Kenya ilikataza plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi zake, zikiwemo zile za baharini za Malindi na Watamu ambazo ni za tangu mwaka 1968. Lamu wakafanya la kushangaza: fundi Ali Skanda na wenzake wakaunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika ubavuni vipande vya kandambili, wakaliita Flipflopi. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi hapa Unguja. Katika boti zetu inatosha chupa kubwa moja ya maji na vikombe vya kuosha. Na ganda la ndizi pia lisitupwe mwambani; samaki wa mwamba hawakuzaliwa kula ndizi, wala mkate.

Haja za watu ni neno gumu kulisema mbele ya kina mama, nisameheni. Kanuni za kimataifa, kwa vyombo vya tani 400 na kuendelea au vinavyobeba watu zaidi ya 15 katika safari za nje, zinataka maji machafu yasiyosafishwa yatupwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Hiyo ni kama kilomita 22. Mkondo kati yetu na bara, penye wembamba, haufiki kilomita 40. Simama katikati yake kabisa, hujafika kilomita 22 kutoka popote. Yaani kwa kipimo hicho, hapo hapana pahala pa kutupa. Jahazi la anasa linalolala mbele ya fungu la mchanga na kufungua bomba lake usiku linajua linachofanya, na bandari isiyo na pahala pa kulipokelea uchafu huo nayo ina deni.

Kuna pingamizi ambalo vijana wa chuo hulileta kila mara, na ni la haki. Mwaka 1998 joto la bahari lilipausha na kuua matumbawe mengi sana katika Bahari ya Hindi magharibi, kuliko nanga zote za historia yetu. Likarudi mwaka 2016. Mwaka 2024 dunia nzima ilitangaziwa tena kupauka kwa matumbawe. Basi nanga moja ni nini? Jibu langu ni kwamba mwamba uliopigwa na joto hupona kwa matumbawe machanga yanayoshika upya juu ya mwamba, madogo kuliko ukucha. Mwamba unaokanyagwa na kukwaruzwa kila asubuhi hauwapi hao wachanga mwaka hata mmoja wa kukua. Hatuwezi kuipoza bahari kutoka ukumbi huu. Tunaweza kuacha kukanyaga wodi ya wazazi.

Nimalizie na fedha, maana ndizo zilizotuleta. Napendekeza mambo matatu yajadiliwe na nyinyi wenyewe, kabla hayajaletwa kama amri. Kwanza, kila hoteli na kila ofisi ya utalii ibandike saa za maji za wiki, na saa ya kuondoka ifuate hizo. Tangazo la saa moja kwa mwaka mzima lifutwe. Pili, boti ikodiwe kwa chombo na kwa nusu siku, isilipwe kwa kichwa na kwa idadi ya vituo. Nahodha anayelipwa kwa vituo atakimbia, hana njia nyingine. Tatu, katika kila tiketi itengwe sehemu ndogo ya maboya, iandikwe wazi kwenye risiti ili mgeni aione na jirani aidai.

Hilo la tatu lina mtego wake. Boya likiwekwa, watu hupiga picha, kiongozi hukata utepe, kisha linasahauliwa. Kamba hulika pale inapogusa mwamba. Kiungo cha chuma hufa kwa kutu upande usioonekana. Boti mbili kubwa zikifungwa kwenye boya lililokusudiwa boti moja ndogo, siku ya upepo wa kusi kitakatika kitu, na chombo kitalala juu ya matumbawe yaleyale tuliyotaka kuyaepusha na nanga. Kila boya linataka mtu wa kuzama na kulikagua kila baada ya miezi michache, na kubadilisha kamba kabla haijakatika. Mtu huyo yupo. Katika kila kijiji cha pwani wapo wazamiaji hodari kuliko mimi na nyinyi. Mwenyekiti, naacha nafasi ya maswali, na la kwanza naliuliza mwenyewe kwa wenye hoteli waliokaa safu ya mbele: huyo mzamiaji atalipwa na nani, na kuanzia mwezi gani?